Ungo wa Maharage Mikononi mwa Gauda

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na leo nitakusimulia hata kama huna hamu nayo. Keti. Mtoto mwache hapo hapo mkekani, tunamwona sote wawili.

Wewe ni mke wa mwanangu, lakini kwangu ni mwanangu tu, kwa hiyo sitazunguka. Najua hujalala vizuri tangu mliporudi hospitali mkaambiwa Upendo hasikii. Sikukusemesha, kwa sababu mama aliyepata habari kama hiyo anaachwa kwanza alie. Lakini Jumapili, walipokuja wale wageni wa mumeo, nilikaa kwenye kona yangu nikakutazama. Mtoto alikuwa anawahadithia habari za kuku aliyetaga chini ya kitanda. Anapiga mabawa, anachuchumaa, anatoa macho, kisha anaonyesha yai kwa vidole. Hadithi nzima, tena tamu. Wewe ukainuka ukamwekea simu yenye katuni. Akaishika kwa mikono miwili, kuku akaishia hapo, wageni wakaendelea na chai yao.

Hukumchapa wala hukumkaripia. Ulimshikisha kitu tu. Mwanangu, mchezo huo naujua vizuri. Niliucheza kabla hujazaliwa, ila siku zile simu hazikuwepo. Mimi nilitumia ungo.

Mdogo wangu Gaudensia hujawahi kukutana naye. Tulimwita Gauda, ingawa mwenyewe hakuwahi kulisikia jina hilo. Tulipishana miaka miwili. Homa kali ilimpata kabla hajakomaa miguu, ikamwachia uhai ikaondoka na masikio. Shule hakupelekwa. Hapa Kasense wakamwita bubu, na sisi nyumbani tukaitikia neno hilo kana kwamba lilitoka kwenye cheti cha ubatizo. Bubu! Mtu aliyekuwa haishi maneno tangu jogoo la kwanza!

Maneno yake yalikuwa mikononi, na lugha tuliitunga wenyewe, mimi na yeye, kwenye matuta ya baba. Mama alikuwa mkono unaofunga kilemba. Baba alikuwa vidole viwili vinavyosokota tumbaku. Padri wa parokia alikuwa kitambi, Mungu anisamehe. Kila mtu alipata jina kutokana na kile Gauda alichokiona kwanza, na macho yake hayakuwa na huruma. Jina langu lilikuwa kidole kimoja kwenye meno ya mbele, hapa, kwa sababu ya mwanya wangu. Usicheke. Sasa kinywa chote ni mwanya, lakini enzi hizo huo mwanya ulizungumzwa mpaka Ilemba.

Ndiyo hao watu wa Ilemba sasa. Walipanda kutoka bondeni wakafika wamejifunga mablanketi, meno yanagongana, maana mtu wa kule chini hajaizoea baridi yetu. Walikuja kunichumbia kwa ajili ya Dismas, baba mkwe wako, apumzike kwa amani. Walikuwa watano, na mmoja wao alikuwa bibi yake Dismas, Bibi Leokadia, mwanamke mwembamba asiyetabasamu hovyo. Mimi nilikuwa nimeshampenda Dismas kupita kiasi. Hofu yangu ilikuwa moja tu: wakimwona Gauda watasema nyumba hii ina mabubu, nami nitawazalia mabubu, kisha watakunywa pombe ya mama na kwenda zao.

Salamu yetu Wafipa unaijua, tulikufundisha ulipokuja hapa. Unachuchumaa mbele ya mgeni, unapiga makofi taratibu, na yeye anakujibu kwa makofi. Gauda alikuwa bingwa wa salamu hiyo kwa sababu ndiyo pekee aliyoweza kuitoa sawasawa na mtu mwingine yeyote. Hakuna mgeni aliyeingia uwanjani kwetu asipigiwe makofi na Gauda.

Nikamwona anatoka jikoni. Amejifunga kanga safi, uso umejaa furaha, anakuja kusalimu. Nikajua akishasalimu hataishia hapo. Atawauliza wametoka wapi, atawaiga wanavyotetemeka, atacheka kwa ile sauti yake nzito asiyoijua mwenyewe. Nikamwahi mlangoni. Palikuwa na ungo wa maharage ya kuchambua, umejaa pomoni. Nikauchukua nikambebesha mikononi, nikamwonyesha kwa kidevu: kule nyuma. Mtu aliyeshika ungo uliojaa hawezi kupiga makofi, mwanangu, na hawezi kusema neno. Nilijua hivyo. Ndiyo maana sikumpa kikombe.

Mazungumzo yakaendelea. Katikati yake Bibi Leokadia akanigeukia.

"Yule binti mwingine mbona hajatupigia makofi?"

"Ana kazi, bibi."

"Kazi gani hiyo isiyojua wageni?"

Hakungoja jibu. Akainuka na blanketi lake, akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata mbio roho mkononi. Alimkuta Gauda amekaa juu ya kinu kilicholala, ungo mapajani, hachambui chochote. Yule bibi akautoa ule ungo akauweka chini. Kisha akachuchumaa yeye, mzee wa umri ule, magoti yakalia, akaanza kumpigia makofi mdogo wangu. Gauda alinitazama mimi kwanza. Alikuwa anaomba ruhusa. Ningekuwa na akili siku ile ningelia hapo hapo.

Nikatikisa kichwa kumruhusu, naye akajibu, kwa unyenyekevu kiasi kwamba yule bibi asiyetabasamu alitabasamu. Aliposimama akanivuta pembeni.

"Huyu anajua tumekuja kufanya nini?"

"Nitamwambia baadaye, bibi."

"Mwambie leo. Umemjaza mikono mbele yetu, hiyo ni sawa na kumziba mtu mdomo. Halafu tunaondoka na dada yake, na hapa nyumbani ni yeye tu asiyejua."

Nikasema ndiyo, bibi. Ile ndiyo ilikuwa ya mdomoni tu.

Uchumba haukuvunjika, kama unavyoona, maana mumeo yupo. Ila sikumwambia Gauda siku hiyo, wala wiki iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Tulilala kitanda kimoja chini ya blanketi moja, na kila asubuhi nilijiambia kwamba jioni nitamwambia. Si kwamba nilikosa namna. Kuondoka tulikuwa na alama yake, Dismas alikuwa ameshapewa jina, hata Ilemba ningeweza kuionyesha kwa kidole, kule milima inakoanguka. Nilichokosa ni ujasiri wa kuutazama uso wake akishaelewa. Yeye akawa anasaga ulezi wa pombe ya harusi kwa nguvu zote, anaimba kwa namna yake, anadhani ni sikukuu. Siku gauni jeupe lilipoletwa, alilishika, akanitazama, kisha akakunja mikono akaibembeleza. Mtoto Yesu. Alikuwa ananiuliza kama ni la Krismasi.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Hilo, mwanangu, nililiungama kwa padri miaka mingi baadaye, na padri akanipa sala chache nisali. Sikuridhika. Nadhani hakuelewa nilichokuwa nasema.

Kanisani akajua ni harusi. Hakuwa mjinga, harusi alishaziona. Lakini harusi alizoziona zilikuwa za majirani, bibi harusi anahamia nyumba ya tatu, na kesho yake mnakutana kisimani. Tulipotoka misani lori lilikuwa linanguruma, sanduku langu limeshapakiwa, na blanketi letu limefungwa juu yake. Gauda akaliona blanketi. Akakimbia ndani, akarudi na kibunda chake, akapanda lorini na kukaa kando ya sanduku, tayari kwa safari. Mjomba akapanda kumteremsha. Hakumpiga, ila alimshika kwa nguvu, na watu wakacheka kidogo kama watu wanavyocheka mambo ya namna hiyo.

Alipofika chini alinijia. Akajigusa kifuani, akainua viganja: na mimi?

Mikononi nilikuwa na maua ya plastiki, leso, na mkoba alionipa shangazi. Ningeweza kuviangusha. Mara ngapi nimeviangusha ndotoni! Siku ile nilivishikilia, nikasimama tu. Gauda akaitazama mikono yangu, halafu akafumba macho. Wewe ukikasirika unaondoka, unafunga mlango. Asiyesikia akikufumbia macho amefunga kila kitu, hakuna pa kubisha hodi. Lori lilipoondoka alikuwa bado amesimama vile vile, kibunda chini ya kwapa, macho amefumba.

Nilirudi kumsalimu mara nyingi, nikipanda kutoka bondeni na watoto mgongoni. Kila nilipoingia uwanjani, mdogo wangu aliokota kitu. Jembe, kuni, mtoto wa jirani. Mara nyingi ulikuwa ungo. Hakuninyima chakula wala hakuninunia, ila mikono yake haikuwa tupu mbele yangu hata siku moja, na akilazimika kunitaja kwa mama alinionyesha kwa kidevu tu. Kidole kwenye meno sikukiona tena. Mimi niliyemfundisha kushika ungo sikuwa na haki ya kumwambia autue.

Mama alipofariki Gauda alikwenda mjini, Majengo, kwa mafundi cherehani viziwi. Pale alijifunza kushona, na pale alijifunza lugha ya alama yenyewe, ile ya viziwi wenzake, siyo vipande vyetu vya shambani. Akampata seremala, kiziwi pia, wakafunga ndoa wakahamia Tabora. Harusi yake niliisikia kwa watu ilipokwisha. Miaka inakwenda hivyo, unajiambia mwaka kesho, mpaka unashtuka umezika mume na umerudi Kasense kukaa kwa mwanao.

Ulikuwa hujaolewa hapa nilipopiga moyo konde nikaenda Majengo. Bado wapo, chumba kile kile kando ya njia ya soko. Mwenye chumba anaitwa Mama Neema, kiziwi tangu kuzaliwa. Niliingia nimeinamisha macho kwa adabu, nikasema shikamoo, nikajiona mpumbavu. Akanipa karatasi anayoandikia vipimo. Nikaandika: Nataka kujifunza kusema na mdogo wangu ambaye ni bubu. Akasoma, akachukua kalamu, akakata neno la mwisho, juu yake akaandika kiziwi. Kisha akanivutia kigoda.

Nilikwenda kila Alhamisi, mwaka mzima na zaidi. Vidole hivi vya baridi yabisi vilinitia aibu, lakini kilichonishinda zaidi ni macho. Sisi tumelelewa kutomkodolea mtu macho, hasa mkubwa. Kwao ukimwondolea mtu macho anaposema umemkata kauli. Mama Neema alichoka nami, siku moja akanishika kidevu kama mtoto akanigeuzia usoni kwake. Kumbe nilikuwa nafuata mikono tu, na nusu ya maneno iko kwenye nyusi na mashavu. Nilijifunza kumgusa mtu bega badala ya kumrushia kitu. Niliwaona wawili wakisimuliana mambo ya harusi, mmoja upande huu wa barabara na mwingine upande ule, magari yanapita katikati, wala hawakukosa neno. Sisi wenye masikio tungepiga kelele mpaka tukauke koo! Nikawaza, mdogo wangu aliyapata haya yote, na mimi sikuwepo.

Siku moja wakaniuliza jina. Kwao mtu hajipi jina la alama, wenye lugha ndio wanaompa. Nikaweka kidole kwenye ufizi, mahali pa mwanya wangu wa zamani. Mama Neema akauliza amenipa nani. Mdogo wangu, nikasema. Akauliza tena: bado analitumia?

Nikashusha kidole. Wenzake walitaka kunipa jingine, wakaanza kubishana kuhusu kilemba changu, naye akawazuia. Akasema jina langu liko Tabora, na kama linatakiwa likaombwe huko.

Namba ya Gauda alikuwa nayo siku zote. Akapiga simu ya video, akaniwekea mkononi. Mwanangu, akatokea bibi mwenye mvi, amekaa barazani, na mapajani ana ungo. Anachambua mchele. Alinitambua papo hapo, nikaona vidole vyake vinazama kwenye mchele na kubaki humo. Nikaanza kusema, na mkono mmoja umeshika simu, mkono mmoja unababaika hewani, nusu ya neno inatoka, nusu haitoki. Mama Neema akaninyang'anya simu akaiegemeza kwenye cherehani. Akanionyesha mikono yangu miwili, kwa ukali.

Nilikuwa nimeandaa kumwomba msamaha, alama zake nimezifanyia mazoezi wiki nzima. Zote zikaniruka. Nikajikuta namwambia maneno ya zamani, yale niliyodaiwa. Nikasema: Ninaolewa. Si Krismasi. Ninaondoka, ninakwenda Ilemba, mbali. Wewe unabaki. Nilipaswa kukwambia, nakwambia sasa.

Nikangoja afumbe macho, maana angekuwa na haki. Badala yake akaushika ule ungo kwa pande zote mbili, akauinua mapajani, akauweka chini. Akapangusa viganja kwenye kanga. Halafu akaniuliza swali ambalo msichana yule mwenye kibunda angeniuliza kama ningempa nafasi.

Lini utarudi? Kisha kidole kwenye meno.

Sijui nililia kiasi gani. Najua walinipa kitambaa cha sare za shule kujifutia na hawakukitumia tena kushonea.

Ndiyo maana kila Jumamosi unanikuta nimeegemeza simu kwenye debe la ulezi na kuipungia mikono, nawe unanicheka. Tunasema mengi. Lakini sitakudanganya, mwanangu, nina kiu. Kioo kile ni kidogo, picha inakatika, na mimi nataka kugusa bega lake. Mumewe anaumwa hawezi kumwacha, na magoti yangu hayawezi basi la kutwa nzima. Tunaahidiana baada ya mavuno, kila mavuno. Miaka ambayo tungekaa mkeka mmoja tukawasema watu wote wa Kasense niliitupa mwenyewe, kwa neno baadaye, na Bibi Leokadia alinionya mapema. Naitamani miaka hiyo.

Wewe bado unayo. Imekaa hapo mkekani inamwiga kuku.

Basi fanya hivi. Wageni wakija tena, mwondolee simu mkononi kabla hawajaketi. Mfundishe kuchuchumaa na kupiga makofi, na asiposalimu yeye kwanza, wasubiri. Mwambie wao ni nani na wamefuata nini, hata kama ni jambo dogo, hata kama mnacheka upuuzi, na umwambie saa ile ile. Ukiona aibu, iwe juu yako, usimshikishe mtoto. Alhamisi twende wote Majengo, nimeshamwambia Mama Neema. Huko atawaona watu wazima wa namna yake, wenye kazi zao na utani wao, na yeye atapata jina. Na wewe utapata, usije ukashangaa wakikuita kwa hiyo pua.

Mungu akujalie, mwanangu. Wenzangu wanawaombea wakwe zao mikono iliyojaa. Mimi nakuombea mikono mitupu kila mara Upendo anapotaka kusema nawe, na macho yasiyochoka kumtazama, na siku utakapolazimika kumuaga, awe ameshajua unakwenda wapi na lini utarudi.

Haya, mgeukie. Tangu tuanze anakuita, na yai limeshavunjika.